Nuru ya Kuazima: Uhakiki wa Picha za Fluoresensi katika Taaluma ya Seli

1. Utangulizi

Katika vitabu vya biolojia vinavyotumiwa vyuo vikuu, ukurasa unaovuta macho kuliko mwingine wowote ni ule wenye picha ya seli zinazong'aa katikati ya giza: kiini kikiwa cha buluu, nyuzi za ndani zikiwa za kijani, utando ukiwa mwekundu. Chini ya picha huandikwa sentensi moja au mbili, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba ameiona seli. Imani hiyo yahitaji kuchunguzwa. Kwa kawaida, kinachong'aa katika picha ya namna hiyo si seli, si utando, wala si kiini. Ni dutu iliyotiwa na mtafiti, ikamulikwa kwa nuru ya aina moja, nayo ikatoa nuru ya aina nyingine. Seli yenyewe imebaki gizani.

Dutu hiyo huitwa hapa kifuatilizi, yaani kitu kinachotiwa ili mahali au mwendo wa kitu kingine upate kufuatwa. Makala haya yanakusudia kuzihakiki picha za vifuatilizi kama matini nyingine yoyote inavyohakikiwa: ni nani asemaye, anasema kwa niaba ya nani, na ni lipi asiloweza kulisema. Hoja inayotetewa ni kwamba thamani ya picha ya fluoresensi haitokani na mng'ao wake, bali na maelezo mengine yaliyopimwa na kukataliwa kabla ya picha hiyo kukubaliwa. Kutokana na hoja hiyo, maelezo ya Kiswahili yanayoandamana na picha hayana budi kubainisha ni kitu gani kilichong'aa na kwa sababu gani.

Huenda ikaulizwa jambo hili linawahusu nini wataalamu wa Kiswahili. Nchini Kongo elimu ya juu hutolewa kwa Kifaransa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Katika miji kama Lubumbashi na Bukavu, yale yaliyoandikwa ubaoni kwa Kifaransa huzungumzwa tena kwa Kiswahili nje ya ukumbi wa mihadhara, na mara nyingi hapo ndipo hueleweka au hupotoshwa. Pahali ambapo hadubini ya fluoresensi haipatikani, picha ya kitabuni pamoja na maneno yaliyo chini yake ndiyo jaribio lote alilo nalo mwanafunzi. Maneno yakikosea, hakuna chombo cha kuyasahihisha.

2. Asili ya nuru hiyo

Historia ya jambo hili inaanza na dawa inayofahamika vema katika Kongo. Mwaka 1845 John Herschel, mtaalamu wa Kiingereza, aliona kwamba maji yaliyoyeyushiwa kwinini, ambayo kwa kawaida hayana rangi, hutoa nuru ya buluu karibu na uso wake yanapopigwa na jua. Mti unaotoa kwinini ulipandwa kwa wingi katika milima ya Kivu tangu enzi ya ukoloni wa Kibelgiji, na magamba yake yametibu malaria ya vizazi kadhaa. Kwa hiyo dutu iliyozindua utafiti huu haikuwa ngeni kwa wasomaji wa nchi hii. Kigeni kilikuwa kile swali lililoulizwa juu yake.

Swali hilo lilijibiwa na George Gabriel Stokes mwaka 1852. Alionyesha kwamba kwinini haiakisi nuru iliyopokea. Hupokea nuru ya urujuanimno, ambayo jicho la binadamu halioni, kisha hutoa nuru ya buluu, ambayo jicho huiona. Nuru itokayo ina mawimbi marefu kuliko nuru iliyoingia, kwa kuwa sehemu ya nishati imepotea ndani ya molekuli kama joto. Stokes ndiye aliyelipa tukio hilo jina la fluoresensi. Hadi leo myeyusho wa kwinini katika asidi hutumika kama kipimo cha kulinganishia mng'ao wa dutu nyingine.

Mwaka 1871 Adolf von Baeyer, mkemia wa Ujerumani, alitengeneza fluoresini, dutu inayopokea nuru ya buluu na kutoa ya kijani hata ikiwa kiasi kidogo sana majini. Kazi yake ya kwanza mashuhuri ya kufuatilia haikuwa ndani ya seli bali ndani ya ardhi. Mwaka 1877 kilo 10 hivi za fluoresini zilimwagwa mahali ambapo maji ya mto Danube huzama ardhini kusini mwa Ujerumani. Baada ya saa 60 hivi, chemchemi ya Aach, iliyo umbali wa kilomita 12 hivi, iligeuka kijani. Hivyo ikathibitika kwamba maji ya chemchemi hiyo hutoka Danube.

Mfano huo wa mto una kila sharti la ushahidi mwema. Kilichong'aa chemchemini hakikuwa maji ya Danube, bali fluoresini. Hata hivyo hitimisho juu ya maji lilikubalika kwa sababu hapakuwa na njia nyingine iliyojulikana ya kuifikisha dutu hiyo huko, na kwa sababu kilo 10 za unga hazingeweza kubadili mkondo wa mto. Masharti haya mawili, yaani kutokuwapo kwa njia nyingine na kutobadili kinachofuatwa, ndiyo mizani itakayotumika katika sehemu zinazofuata.

3. Jaribio la mwaka 1970

Kati ya kazi zote za kufuatilia utando wa seli, ile ya L. D. Frye na Michael Edidin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, iliyochapishwa mwaka 1970, inastahili kusomwa kwa makini. Wakati huo swali kubwa lilikuwa hili: je, utando unaoizunguka seli ni kama ukuta, ambamo kila tofali limekazwa mahali pake, au ni kitu cha majimaji ambamo sehemu zake husogea?

Watafiti hao walichukua seli za panya na seli za binadamu zilizokuzwa maabarani, wakaziunganisha kwa msaada wa kirusi cha Sendai, hata zikapatikana seli zenye utando mmoja uliotokana na pande mbili. Antijeni za panya zilitambulishwa kwa kingamwili zilizofungwa dutu ya kutoa nuru ya kijani, na zile za binadamu kwa kingamwili zilizofungwa dutu ya kutoa nuru nyekundu. Mbinu yenyewe ya kufunga dutu ya fluoresensi kwenye kingamwili ilikuwa imebuniwa na Albert Coons na wenzake huko Boston mapema katika miaka ya 1940. Muda mfupi baada ya kuungana, seli ilionekana nusu kijani, nusu nyekundu. Baada ya dakika 40 katika nyuzijoto 37, rangi hizo mbili zilikuwa zimechanganyika katika seli nyingi sana, zaidi ya 9 katika kila 10.

Vitabu vingi vya wanafunzi huishia hapo na kutangaza: utando ni majimaji. Lakini Frye na Edidin hawakuishia hapo, na hapo ndipo ulipo ubora wa kazi yao. Walijua kwamba picha ya rangi zilizochanganyika ingeweza kusomwa kwa namna nne. Huenda antijeni za zamani zilivunjwa na mpya kutengenezwa kila mahali. Huenda zilikuwapo akiba ndani ya seli, zikapandishwa juu na kuingizwa katika utando. Huenda antijeni ilizama ndani ya seli upande mmoja na kuibukia upande mwingine. Au huenda zilisogea tu juu ya uso wa utando wenyewe.

Kila usomaji ulipewa jaribio lake. Dawa za kuzuia utengenezaji wa protini hazikuchelewesha mchanganyiko, na kwa hiyo usomaji wa kwanza ulipoteza nguvu. Sumu ya kuzuia seli isitengeneze nishati yake haikuuzuia pia, jambo lililodhoofisha masimulizi yote yanayodai kwamba seli ilifanya kazi ya kubeba na kupandisha. Ila joto lilipopunguzwa, mchanganyiko ulipungua, na chini ya nyuzijoto 15 ulikaribia kukoma. Hiyo ndiyo tabia ya kitu kinachoganda kama mafuta penye baridi. Usomaji wa nne ndio uliosalia.

Kwa mizani iliyotajwa awali, kazi hii imetimiza sharti la kwanza kwa ukamilifu usio wa kawaida. Picha haikuachwa iseme peke yake. Ilihojiwa, na majibu mengine matatu yakaondolewa moja baada ya jingine. Mwanafunzi anayeonyeshwa rangi mbili zilizochanganyika bila kuonyeshwa maelezo matatu yaliyokataliwa amepewa nusu ya jaribio, tena nusu iliyo dhaifu.

4. Kifuatilizi kinachosukuma

Sharti la pili, la kutobadili kinachofuatwa, ni gumu zaidi. Mwaka mmoja tu baada ya kazi hiyo, yaani 1971, Taylor, Duffus, Raff na de Petris walichapisha uchunguzi juu ya seli nyeupe za damu za panya. Walitumia kingamwili zenye fluoresensi kutafuta protini fulani juu ya uso wa seli hizo. Kingamwili ya kawaida ina mikono miwili, na kila mkono waweza kushika protini moja. Walipotumia kingamwili hizo penye joto, nuru ilionekana imekusanyika katika mabaka, kisha ikajikusanya upande mmoja wa seli kama kofia. Lakini walipotumia vipande vya kingamwili vyenye mkono mmoja tu, nuru ilibaki imetawanyika juu ya uso wote.

Maana yake ni nzito. Kofia ile haikuwa sura ya asili ya seli. Kingamwili yenye mikono miwili ilikuwa imezivuta protini pamoja, na seli yenyewe ikaitikia mvuto huo. Mtafiti ambaye asingefanya jaribio la mkono mmoja angeandika kwa uaminifu kabisa kwamba protini hizo hukaa upande mmoja wa seli, na picha yake ingekuwa nzuri, safi, na potofu. Shahidi alikuwa ameitengeneza habari aliyoitwa kuitolea ushahidi.

Ingeweza kudhaniwa kwamba tatizo hilo lilikwisha pale kingamwili zilipopata mbadala. Mwaka 1962 Osamu Shimomura na wenzake waliripoti protini zilizotolewa katika yavuyavu aina ya Aequorea victoria, waliovuliwa katika maji ya pwani ya magharibi ya Marekani. Mojawapo ilikuwa ile inayoitwa leo protini ya kijani ya fluoresensi. Mwaka 1992 Douglas Prasher na wenzake walitangaza kwamba wamepata jeni yake, na mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake wakaonyesha kwamba jeni hiyo ikitiwa katika bakteria au katika mnyoo mdogo, kiumbe hicho hujitengenezea protini hiyo chenyewe. Roger Tsien aliichunguza na kuibadili hata zikapatikana protini za rangi nyingine. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2008 iliwaendea Shimomura, Chalfie na Tsien.

Faida ya mbinu hii ni kubwa: seli hai yaweza kutazamwa bila kutobolewa wala kumwagiwa kitu. Lakini protini hiyo ina asidi-amino 238, na mara nyingine ni kubwa kuliko ile inayobebeshwa. Aidha, protini za jamii hiyo zina mwelekeo wa kushikana mbili mbili. Mwaka 2002 Zacharias, Violin, Newton na Tsien walionyesha kwamba, katika uchunguzi wa utando, mwelekeo huo ulitosha kuzikusanya pamoja protini ambazo zenyewe hazikukusanyika. Walibadilisha sehemu ya mshikano, na baadhi ya mikusanyiko ikatoweka huku mingine ikibaki. Iliyobaki ndiyo iliyostahili kuitwa ya seli.

Mambo haya mawili, la mwaka 1971 na la mwaka 2002, yametenganishwa na miaka 31 na yamefanywa kwa vifuatilizi tofauti kabisa, lakini somo lake ni lilelile. Kifuatilizi ni mgeni, na hakuna mgeni aingiaye nyumbani bila kusogeza hata kiti kimoja. Wajibu wa mhakiki si kumfukuza mgeni, bali ni kuuliza amesogeza nini.

5. Rangi, unene na giza

Yako mambo mengine matatu ambayo picha huyasema pasipo kuwa na haki ya kuyasema.

La kwanza ni rangi. Katika hadubini nyingi za leo, chombo cha kupokelea nuru hupima wingi wake tu, tena baada ya kichujio kuruhusu mawimbi ya kiasi fulani. Hupata picha ya weusi na weupe. Rangi ya kijani au nyekundu huchaguliwa baadaye na mtafiti, naye aweza kuchagua zambarau akitaka. Kwa hiyo rangi katika picha ni makubaliano, kama rangi za nchi katika ramani.

La pili ni unene. Utando wa seli una unene wa nanomita 5 hadi 10 tu. Hadubini ya kawaida ya nuru haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi. Mstari mwembamba unaoitwa utando katika picha ni mnene kuliko utando wenyewe angalau mara 20. Kazi za Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014, zimeupunguza mpaka huo kwa kiasi kikubwa, lakini hazikuufuta, na picha nyingi za vitabuni hazikupigwa kwa mbinu zao.

La tatu ni giza. Pasipong'aa husomwa kana kwamba hapana kitu, ilhali huenda kingamwili haikuweza kupenya, au dutu imechoka. Kila molekuli ya fluoresini ikimulikwa kwa muda mrefu huharibika na kuzimika kabisa. Hapa lakini pana mfano wa kusifiwa. Mwaka 1976 Axelrod na wenzake wanne waliitumia kasoro hiyo kama kipimo. Walizima kwa makusudi, kwa nuru kali ya leza, sehemu ndogo ya utando uliotiwa kifuatilizi, kisha wakapima jinsi nuru inavyorejea mahali palipozimwa. Ikirejea, molekuli nzima zimeingia kutoka pembeni, na kasi ya kurejea ni kasi ya mwendo wao. Isiporejea yote, sehemu ya molekuli haisogei.

Mbinu hiyo ilisaidia kusahihisha pia usomaji uliokuwa umepita kiasi. Mwaka 1972 S. J. Singer na Garth Nicolson walikuwa wametoa mfano mashuhuri wa utando kama majimaji yenye protini zinazoelea, na kazi ya Frye na Edidin ilikuwa mojawapo ya nguzo zake. Wanafunzi wengi waliuchukua mfano huo kama bahari wazi. Vipimo vya kuzima na kurejea vilionyesha kwamba protini nyingine huelea, nyingine huenda polepole sana, na nyingine zimefungwa mahali. Giza lililopimwa lilifundisha zaidi kuliko mng'ao uliotazamwa tu.

6. Kutoka seli hadi mgonjwa

Kosa la usomaji haliishii kitabuni. Mwaka 1961 Harold Novotny na David Alvis, waliokuwa wanafunzi wa tiba huko Indiana, Marekani, walichapisha njia ya kupiga picha mishipa ya ndani ya jicho baada ya kutia fluoresini katika damu. Kwa mtu mwenye afya, fluoresini haivuji kutoka mishipa midogo ya retina, kwa kuwa seli za kuta zake zimebanana. Nuru ikionekana nje ya mishipa, daktari hujua kwamba kizuizi hicho kimeharibika. Hapa kinachosomwa ni tishu nzima, na swali si "panang'aa?" bali "panang'aa mahali gani, na baada ya muda gani?"

Mfano ulio karibu zaidi na Kongo, nchi iliyomo katika orodha ya zile zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, ni ule wa makohozi. Auramini hushikwa na ukuta wa bakteria wa ugonjwa huo, nao huonekana kama vijiti vya manjano vinavyong'aa gizani. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hadubini za fluoresensi zenye taa za LED zichukue nafasi ya mbinu ya zamani, kwa kuwa hugundua wagonjwa wengi zaidi, husomwa kwa haraka, na zaweza kutumia betri. Ingawa kwa utambuzi wa mwanzo shirika hilo sasa linapendelea vipimo vya haraka vya kimolekuli, hadubini bado ina kazi, hasa katika kufuatilia matibabu.

Msomaji wa kioo cha makohozi anajua jambo ambalo vitabu vyenye picha nzuri husahau: si kila king'aacho ni bakteria. Chembe za uchafu na mabaki ya rangi hung'aa pia. Ndiyo maana hufundishwa kutazama umbo, ukubwa na mpangilio, na penye shaka kioo husomwa tena. Uhakiki, kwake, si anasa ya kitaaluma. Mtu mmoja atapewa dawa za miezi kadhaa au atarudishwa nyumbani akiambukiza wengine, kutegemea jinsi nuru ndogo ilivyosomwa.

7. Lugha ya maelezo

Yafaa sasa kutazama maneno. Mathalani, maelezo ya picha kwa Kiswahili yaweza kuandikwa hivi: "Utando unaonekana mwekundu." Kisarufi sentensi hiyo haina dosari. Lakini kitenzi "kuonekana" kiko katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo huficha mtenda. Kauli ya kutendwa ingedai, au angalau ingeruhusu, swali "na nani?" Kauli ya kutendeka hulifunga swali hilo kabla halijaulizwa. Hali kadhalika "seli inang'aa": kitenzi "kung'aa" humpa mhusika wake sifa ya asili, kama nyota ing'aavyo.

Kiswahili lakini kina zana za kutosha za kusema kweli. Tazama sentensi hii: "Kingamwili zilizofungwa fluoresini zimeshika antijeni za panya, nazo hutoa nuru ya kijani zikimulikwa kwa nuru ya buluu." Sentensi ni ndefu, ila kila mshiriki ametajwa na kazi yake. Kiambishi "-ki-" katika "zikimulikwa" kinabeba sharti lote la fluoresensi kwa silabi moja: nuru hutoka maadamu nuru inaingia. Taa ikizimwa, sentensi nayo inakoma kuwa kweli.

Tofauti kati ya vitenzi nayo yapasa kuchungwa. Kioo huakisi: hurudisha nuru ileile iliyopokea. Kuni huwaka. Kimulimuli hujitolea nuru yake kwa kemia ya mwili wake. Kwinini na fluoresini hazifanyi hata mojawapo ya hayo; hupokea nuru moja na kutoa nyingine. Yavuyavu wa Shimomura ana aina mbili za nuru kwa pamoja. Protini yake moja, ekorini, hutoa nuru yenyewe kama kimulimuli inapokutana na kalisi, na nyingine huipokea nishati hiyo na kutoa nuru ya kijani. Mwalimu anayesema kwamba zote mbili "zinawaka" amefuta ugunduzi mzima kwa kitenzi kimoja.

Neno "rangi" lina hatari yake. Katika Kiswahili lina maana ya kitu kinachotiwa na pia ya sura inayoonekana. Sentensi "rangi ya kijani imeingia ndani ya seli" haisemi kama ni dutu iliyopenya au ni mng'ao uliotokea mle ndani. Kwa kuwa tumeona kwamba rangi ya picha yaweza kuchaguliwa baadaye, utata huo haukubaliki katika maandishi ya kitaaluma. Yatosha kusema "dutu" kwa kinachotiwa, "nuru" kwa kinachotoka, na kuliacha neno "rangi" kwa kile jicho linachokiona katika picha. Suala la kutafuta neno la Kiswahili asilia badala ya "fluoresensi" si la haraka. Jina la mkopo halidhuru. Kinachodhuru ni kitenzi kilichochaguliwa vibaya.

8. Hitimisho

Wahenga walionya kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Nuru ya picha za seli ni ya kuazima, tena mara mbili: dutu imeiazima kwa taa, na seli imeiazima kwa dutu. Hilo haliziondolei picha hizo thamani. Maji ya Danube yalifuatwa kwa nuru ya kuazima, na mwendo ndani ya utando ukathibitishwa kwa nuru hiyohiyo. Lakini mkopo usiotajwa hugeuka udanganyifu, hata kama aliyeufanya hakukusudia.

Kwa hiyo kila mwalimu anayeweka picha ya fluoresensi mbele ya wanafunzi, na kila mwandishi anayeitungia maelezo ya Kiswahili, ana maswali manne ya kujibu kabla ya kuisifu: ni dutu gani inayotoa nuru, imeshika nini, ingeweza kufika hapo kwa njia gani nyingine, na imebadili nini kwa kuwapo kwake. Frye na Edidin walijibu maswali hayo mwaka 1970 kwa vifaa ambavyo leo vingeonekana duni, na kwa sababu hiyo kazi yao bado inafundisha. Picha zilizopigwa kwa vifaa bora mara mia, zisipojibu maswali hayo, ni mapambo.